Mhandisi wa Kemia Aliyebuni Mashine Inayozaa

Kila anayesoma kompyuta hapa chuoni hukutana na jina la John von Neumann wiki za mwanzo tu, pengine kabla hata bumu la kwanza halijaingia. Unachora visanduku, kumbukumbu huku, kitengo cha hesabu kule, unakariri kwa ajili ya testi, basi. Mtu mwenyewe anabaki kuwa jina la mchoro. Mimi nasoma hisabati, na huyu bwana nimemfuatilia kwa mlango mwingine, yaani kwa kazi aliyoiacha haijaisha. Nadhani wenzangu wa vimbwetani mtapenda kuisikia, hasa nyie mliochaguliwa kozi na wazazi.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Kijana alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye hesabu, lakini mzee aliona hesabu hazilipi. Wakaafikiana asome uhandisi wa kemia, fani iliyokuwa na soko wakati ule. Basi akajiandikisha kotekote: kemia Berlin na baadaye Zürich, hisabati Budapest, ambako alikuwa akitokea kwenye mitihani tu. (Msiige. Hapa kwetu hiyo ni sapu, kama si kudisko kabisa.) Kufikia 1926 alikuwa na stashahada ya uhandisi wa kemia ya Zürich na udaktari wa hisabati wa Budapest. Ile ya kemia hakuitumia kupata ajira hata siku moja.

Mjadala huo naujua vizuri. Nyumbani Mwanga, baba mdogo ambaye amenisomesha tangu sekondari huniuliza kila likizo hisabati tupu inaajiriwa ofisi gani. Hanigombezi, anauliza tu, na sisi Wapare tukishaulizia hela hatuachi njiani. Jibu la kumtosheleza sina bado, na mkopo nao unaongezeka kila muhula.

Mwaka 1930 von Neumann alikwenda Princeton, Marekani, na 1933 akawa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wa taasisi ya utafiti iliyomchukua pia Einstein. Alipenda karamu, suti nzuri na vichekesho, na aliendesha gari vibaya. Aliweza kufanya kazi kwenye kelele, jambo ambalo sisi wa mabweni tunalielewa. Alioa mara mbili. Mke wa pili, Klára, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuandika programu za kompyuta, na jina lake ni nadra kulisikia darasani.

Halafu vita. Hapa sitaki kumpamba. Kuanzia 1943 alikuwa akienda Los Alamos, kulikotengenezwa bomu la atomiki, na hesabu zake zilisaidia kupata namna ya kulibana tufe la plutoniamu mpaka lilipuke. Bomu la aina hiyo ndilo lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Aliketi pia kwenye kamati iliyojadili miji ya kulengwa. Baada ya vita aliendelea kuishauri serikali kuhusu silaha, tena akiwa upande wa wenye msimamo mkali. Wapo wanaosema tuitenganishe akili na matendo. Mimi siwezi, maana hesabu zilikuwa zilezile na kichwa kilikuwa kilekile.

Mwaka huohuo wa 1945, wakati maelfu ya babu zetu wa Upare wamejikusanya Same kuipinga kodi ya mbiru, yeye aliandika ripoti iliyoeleza mashine inayoweka maelekezo na takwimu kwenye kumbukumbu moja. Ndio ule mchoro wa visanduku. Ripoti ilitoka na jina lake peke yake, ingawa wahandisi Eckert na Mauchly walikuwa wamelifanyia kazi wazo hilo pamoja naye, na ugomvi haukukosekana.

Lakini swali lililomkamata zaidi ni lingine. Je, mashine inaweza kuzaa mashine kama yenyewe, bila mtoto kutoka mpungufu kuliko mzazi? Alilizungumzia hadharani California mwaka 1948. Mwanzoni aliwaza mashine inayoelea kati ya vipuri, inaokota na kuunga. Picha hiyo ilikuwa na vurugu nyingi. Rafiki yake Stanislaw Ulam, mwanahisabati kutoka Poland, akamshauri aachane na vipuri, achukue karatasi ya miraba isiyo na mwisho. Kila mraba, yaani seli, una hali fulani. Saa ikigonga, kila seli inawatazama majirani zake na kubadilika kwa kanuni moja inayozihusu seli zote. Von Neumann alitumia hali 29 na majirani wanne. Hizo ndizo otomata za seli.

Chukua daftari la hesabu ujaribu toleo dogo. Kwenye mstari wa juu weka mraba mmoja mweusi katikati. Mstari unaofuata, mraba uwe mweusi ikiwa kati ya majirani wawili wa juu yake, wa kushoto na wa kulia, mmoja tu ni mweusi. Utapata weusi wawili, kisha wawili waliotengana zaidi, kisha wanne, kisha wawili tena. Ukifika mstari wa 16 utaona pembetatu ndani ya pembetatu, na hakuna aliyezichora. Kanuni za aina hii, mstari mmoja, rangi mbili, jirani mmoja kila upande, zipo 256 tu. Stephen Wolfram alizipa namba kwenye miaka ya 1980, na hiyo uliyoichora ni ya 90. Nyingi zinakufa au zinajirudia. Ya 30 ni ukorofi mtupu: wewe na jirani wa kulia mkiwa weupe wote, chukua rangi ya jirani wa kushoto, la sivyo chukua kinyume chake. Inatoa fujo inayofanana na nakshi za konokono koni wa pwani yetu, yule mwenye sumu ambaye ganda lake watu hulipenda. Ukitoka kwenye mstari ukaingia kwenye eneo, na kuhesabu majirani wanane bila kujali nani yuko wapi, familia inafika kanuni 262,144. Huko ndiko projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikozama.

Mimi picha hii haikunishangaza sana, kwa sababu ya ndiva. Kwa asiyetoka Upare, ndiva ni bwawa dogo mlimani linalokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mifereji. Mkulima wa mfereji haoni bonde zima. Anamjua aliye juu yake na aliye chini yake, anajua zamu, basi. Ila ukisimama juu Usangi au Ugweno ukatazama chini, kijani unachokiona kina mpangilio. Sisemi ni kitu kilekile, maana watu wana wazee wa maji, wana mashauri, na wapo wanaoiba zamu. Seli haziibi.

Ndani ya miraba yake, von Neumann alipanga mashine yenye utepe wa maelekezo. Utepe unasomwa mara mbili kwa kazi mbili tofauti: kwanza unafuatwa ili kumjenga mtoto, kisha unanakiliwa tu, bila kufasiriwa, na nakala anapewa mtoto. Hilo aliliwaza kabla muundo wa DNA haujajulikana mwaka 1953, na seli zetu za mwili zinafanya karibu hivyohivyo.

Mwaka 1955 aligundulika ana saratani. Alilazwa hospitali ya jeshi Washington, chini ya ulinzi, maana kichwa kilikuwa na siri za nchi. Kilichomtesa sana, kwa masimulizi ya waliokuwa karibu naye, ni kuona akili yenyewe inamtoka. Alifariki tarehe 8 Februari 1957, umri miaka 53.

Maandishi ya mashine inayozaa yalibaki nusu. Arthur Burks aliyakusanya, akajaza mapengo, kitabu kikatoka 1966. Miaka minne baadaye John Conway wa Cambridge alitoa mchezo wake wa Maisha, wenye hali mbili tu badala ya 29, na wanafunzi wa dunia nzima wakaanza kula muda wa kompyuta za vyuo vyao usiku. Mashine ya von Neumann yenyewe ilisubiri mpaka 1995, Renato Nobili na Umberto Pesavento walipoijenga kwenye kompyuta, wakiongeza hali tatu juu ya zile 29. Ikasoma utepe wake, ikanyoosha mkono kwenye miraba mitupu ya jirani, ikajenga ya pili.