Igor Sikorsky na Mkia wa Helikopta

Asimamaye Kamembe, huko Rusizi palipojulikana zamani kama Cyangugu, huona jinsi Ziwa Kivu, mto na vilima vinavyomzuilia msafiri njia. Katika nchi ya namna hiyo helikopta huweza kumfikia majeruhi mahali pasipofika gari. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwasimulia askari na polisi maisha ya mtu aliyekifanya chombo hicho kimtii rubani.

Igor Sikorsky alizaliwa Kiev tarehe 25 Mei, 1889. Mwaka 1909 na 1910 aliunda helikopta mbili, nazo zikashindwa kumbeba mtu. Akageukia ndege za mabawa, na mwaka 1913 akarusha ya kwanza duniani yenye injini nne. Mapinduzi ya Urusi yakamtoa kwao. Mwaka 1919 aliingia Marekani bila mali, akafundisha hesabu apate riziki, na mwaka 1923 akaanzisha kampuni.

Tarehe 14 Septemba, 1939, akiwa na umri wa miaka 50, aliinua helikopta yake ya VS-300 ikiwa imefungwa kamba. Kazi ngumu ilikuwa kuiongoza. Rafadha kubwa izungukapo upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili. Rafadha ndogo ya mkiani ndiyo ikizuiayo. Lakini rubani akanyagapo pedali kugeuza mkia, mzigo wa injini hubadilika, rafadha kubwa huguswa, na pua yaweza kuinuka au kuinama. Hana budi kusahihisha yote kwa pamoja.

Desemba 1939 upepo ulikipindua chombo. Sikorsky akakiunda upya kwa rafadha tatu mkiani. Kikaenda nyuma na kando vizuri, ila mbele kikasumbua, kwani hewa iliyosukumwa na rafadha kubwa ilizivuruga zile ndogo. Akaziondoa moja baada ya nyingine, hata Desemba 1941 ikabaki moja ya kugeuza mkia. Pua ikaongozwa kwa kubadili mwinamo wa mapanga ya rafadha kubwa. Helikopta nyingi zingali zikifuata mpango huo.

Aprili 1944, katika msitu wa Burma nyuma ya mistari ya Wajapani, helikopta ya Sikorsky iliwatoa rubani Mmarekani na wanajeshi watatu wa Kiingereza, mmoja mmoja, maana haikuweza kubeba zaidi ya abiria mmoja.

Sikorsky alifariki tarehe 26 Oktoba, 1972. Watu wale wanne walikuwa wamekwisha kuonyesha faida ya subira yake.