Askofu aliyeshuka garini: maisha ya Christophe Munzihirwa



Wapendwa vijana, tunaelekea mwisho wa mwezi wa Rozari, na tarehe 29 Oktoba ni siku ya kumkumbuka mtu mmoja ambaye huko Kivu jina lake ni kubwa sana, ila huku kwetu Pwani ukimtaja wengi watakuuliza, nani huyo? Ni Christophe Munzihirwa, Mjesuiti na Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa barabarani mwaka 1996 akiwa na msalaba mkononi.

Kabla hujasema Kongo ni mbali, hebu fikiria njia. Kutoka njiapanda yetu ya Msata kushuka Bagamoyo hazifiki hata kilomita 70. Na Bagamoyo ndiko zilikokuwa zinaishia safari za misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka bara. Moja ya vituo vikubwa vya huko mwisho kabisa ilikuwa Kasongo, katika nchi ya Manyema, alikojijenga Tippu Tip. Watu waliletwa kwa miguu hadi pwani, na lugha yetu nayo ikapanda kwa njia hiyohiyo kwenda kwao. Ndiyo maana hadi leo Misa inaadhimishwa kwa Kiswahili kule Bukavu na Kasongo. Sisi tunajivunia Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanza kuwakomboa watumwa. Sasa Munzihirwa, kabla ya kupelekwa Bukavu, alikuwa Askofu wa Kasongo. Huyu si mgeni kwetu. Ni mtu wa ncha ya pili ya barabara yetu.

Alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Walungu, kusini mwa Bukavu. Akapata upadrisho mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Alipelekwa kusoma Ubelgiji, huko Louvain, akarudi nyumbani na kazi yake ikawa kwa kiasi kikubwa kulea vijana. Hapa ndipo maisha yake yanaanza kutufundisha.

Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, waliwakumbuka hadharani wenzao waliouawa na askari miaka miwili kabla. Rais Mobutu akakasirika. Chuo kikafungwa, na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa huko Kinshasa, padri mwenye umri wa miaka 45, hakuna aliyemwita. Angeweza kuandika barua ya kulalamika, au kuwaombea vijana kwenye kikanisa halafu akalale. Yeye akadai aandikishwe nao. Yaani padri mzima akaingia jeshini pamoja na wanafunzi, si kwa kupenda bunduki, bali kwa sababu hakutaka wapelekwe peke yao. Naomba ulishike tukio hili, tutarudi kwake.

Kuanzia mwaka 1980 hadi 1986 aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Kisha akawekwa wakfu kuwa askofu mwandamizi wa Kasongo, na mwezi Machi 1994 akateuliwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Wiki tatu tu baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda. Watu laki nane na zaidi wakauawa, wengi wao Watutsi. Ilipofika Julai, serikali iliyoongoza mauaji hayo ikashindwa vita, na Wahutu zaidi ya milioni moja wakakimbilia Zaire, wakajaa Goma na Bukavu. Huku kwetu Ngara nako mnakumbuka kwa kusimuliwa jinsi makambi yalivyofurika.

Jamani, hapa pana ugumu wa kweli, na si vizuri kuuruka. Ndani ya makambi yale walikuwemo wauaji. Walikuwemo pia mama waliokimbia na watoto mgongoni, wazee, wagonjwa, watu ambao hawakuinua panga. Ungefanyaje? Wengi duniani waliwaona wote ni kundi moja. Munzihirwa alikataa. Aliwatetea wakimbizi wasio na hatia, akataka warudi kwao salama, akaandika barua kwa wakubwa wa nje akiomba vita izuiwe kabla haijaanza. Wakuu wapya wa Kigali hawakumpenda kwa hilo. Lakini hata askari wa Mobutu hawakumpenda, kwa sababu aliwasema waziwazi walipowaibia na kuwaonea raia. Mtu wa amani mara nyingi anakuwa hivi: kila upande unamwona ni wa upande mwingine.

Oktoba 1996 vita ikafika. Mapema mwezi huo naibu gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba Watutsi wa huko, Wanyamulenge, waondoke nchini ndani ya wiki moja. Chuki ikawa hewani kama moshi. Waasi wakisaidiwa na jeshi la Rwanda wakasogea kuelekea Bukavu. Viongozi wa serikali wakaondoka. Makamanda wakaondoka. Mashirika ya misaada yakaondoka. Askofu akabaki. Siku zake za mwisho aliwasihi watu wake wabaki katika upendo, wasimame imara, wasikate tamaa kwamba Mungu amewaacha.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari walioushambulia mji, pale Nyawera. Akashuka. Akaushika msalaba wake, akawaendea kwa miguu. Kwa hatua zile, wengine waliokuwa wakifuata msafara wake walipata nafasi ya kukimbia. Yeye wakampiga risasi. Mwili wake ulilala barabarani kwa zaidi ya siku nzima, kwani hakuna aliyethubutu kutoka nje, mpaka waseminari wa Shirika la Waxaveri walipofaulu kwenda kuuchukua. Mimi mseminari nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. Kuna wenzangu ambao somo lao kubwa la teolojia lilikuwa kumwinua askofu wao kutoka kwenye lami.

Kanisa Kuu la Bukavu limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Amani. Ni jina lililolipiwa kwa gharama kubwa. Wapo wanaomfananisha Munzihirwa na Óscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa altareni mwaka 1980 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2018. Aliyemfuata Bukavu, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, naye mwaka 2000 alizuiwa kwa miezi kurudi jimboni kwake kwa sababu ya kusema ukweli.

Sasa turudi mwaka 1971. Aristotle, ambaye tulimsoma sana kwenye falsafa, anafundisha kwamba fadhila ni mazoea: mtu anakuwa jasiri kwa kutenda mambo ya kijasiri, siku baada ya siku. Munzihirwa hakuwa jasiri ghafla pale Nyawera. Kuandikishwa jeshini na wanafunzi na kushuka garini ni tendo lile lile, limerudiwa baada ya miaka 25: kwenda pale ambapo watu wako wanapelekwa, mikono ikiwa mitupu. Alikuwa amelizoea.

Na hapo ndipo linatugusa sisi. Amani bila mabavu siyo kukaa kimya, na siyo kusema mimi sina upande. Ni kumtafuta anayeonewa leo na kusimama naye, hata kama jana ndugu zake ndio walioonea, bila kushika silaha na bila kumchukia mtu. Kwetu Pwani mfugaji akiingiza ng'ombe shambani, ndani ya saa moja kijiweni tunasema "wale", kabila zima. Picha zinasambazwa, maneno yanakolezwa. Kijana Mkristo anayesema, jamani, tumtafute aliyekosa, tusiwapige wote, huyo ameanza kushuka garini. Ni jambo dogo, ila ndiyo mazoezi.

Vita ya Kivu haijaisha. Februari 2025 Bukavu iliingia tena mikononi mwa waasi, safari hii M23. Wiki hii tuwaombee, tena kwa Kiswahili, lugha wanayoombea wao.

Maswali ya tafakari kwa jumuiya na vikundi vya vijana: Ni kundi gani la watu ninalolihukumu lote kwa kosa la wachache? Nani mtaani kwangu ameachwa peke yake, na mimi ninaweza kwenda naye?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeingia Yerusalemu bila silaha, tufundishe kubaki wengine wanapoondoka, na kuwaendea tunaowaogopa tukiwa na msalaba wako tu. Amina.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.