Ian Curtis: alitafutia wagonjwa kazi, kisha kifafa kikamfikia yeye mwenyewe

Watu wengi wamekwisha kuona tisheti nyeusi yenye mistari myeupe inayopanda na kushuka kama milima. Ni picha ya jalada la «Unknown Pleasures», albamu ya kwanza ya kundi la Kiingereza Joy Division, iliyotoka tarehe 15 mwezi wa sita 1979. Muimbaji wake, Ian Curtis, alikufa kabla mwaka haujaisha. Alikuwa na miaka 23.

Alizaliwa mwaka 1956 na kukulia Macclesfield, mji wa viwanda vya hariri karibu na Manchester. Akaoa na miaka 19. Mchana alikuwa mfanyakazi wa serikali, kwenye ofisi iliyosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Kati ya waliomfikia kulikuwa mwanamke mwenye kifafa. Siku moja mwanamke huyo hakurudi tena, na Curtis akapata habari kwamba ugonjwa ulikuwa umemuua. Wimbo «She's Lost Control», ulio kwenye albamu hiyo, unamhusu yeye.

Usiku ilikuwa muziki. Bernard Sumner na Peter Hook walianzisha kundi kisha kuona Sex Pistols wakipiga Manchester mwaka 1976. Curtis akajiunga nao, halafu Stephen Morris kwenye ngoma. Jina Joy Division walilitoa katika kitabu juu ya kambi za Wanazi, uchaguzi mbaya ambao uliwaletea lawama nyingi.

Mwezi wa kumi na mbili 1978, wakirudi kutoka London kwa gari, Curtis alishikwa na kifafa kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata waganga walithibitisha. Mwezi wa ine akaingia studio Strawberry, mjini Stockport, akimeza dawa nzito, na mke wake akazaa mtoto msichana mwezi huo huo.

Mtengenezaji Martin Hannett alirekodi kila ngoma peke yake, akaweka mlio wa lifti na wa chupa zinazovunjika. Hook na Sumner hawakufurahi: walitaka kelele ya jukwaani. Lakini Hannett ndiye aliyeona sawa. Kwenye ule utupu aliouacha kati ya vyombo, sauti nzito ya Curtis inasikika kama ya mtu aliye peke yake ndani ya nyumba kubwa.

Factory, kampuni ndogo ya Tony Wilson, ilitoa nakala 10.000. Hazikuisha haraka.

Jukwaani Curtis alicheza kwa kutupa mikono na kutetemeka, na watu walishangilia. Mara nyingine haikuwa mchezo tena, ila wao hawakuweza kutofautisha. Tarehe 4 mwezi wa ine 1980, kundi lilipiga mara mbili usiku mmoja London, na kifafa kikamwangusha. Mtu aliyekuwa akishauri wagonjwa wengine kazini hakupata wa kumsimamisha apumzike. Safari ziliendelea kupangwa. Ndoa nayo ilikuwa ikivunjika.

Tarehe 18 mwezi wa tano alijitoa uhai nyumbani Macclesfield, siku moja kabla ya safari ya Marekani.

Wenzake watatu waliendelea kwa jina la New Order. Albamu ya pili, «Closer», ilitoka mwezi wa saba na kufika nafasi ya 6 Uingereza. Mwezi uliofuata, «Unknown Pleasures» nayo ikaingia kwenye orodha ya mauzo, nafasi ya 71.