Rikidozan, mtu wa majina matatu

Tarehe 7 Oktoba 1957, katika uwanja wa Korakuen mjini Tokyo, wanaume wawili walishindana mieleka kwa dakika 60, na hakuna aliyeshinda. Mmoja alikuwa Lou Thesz, bingwa wa dunia kutoka Marekani, fundi wa kukaba na kufunga viungo, ambaye mishiko ya kwanza alifundishwa na baba yake, fundi viatu mwenye asili ya Hungaria. Wa pili alikuwa Rikidozan, shujaa wa Wajapani. Umati uliamini kwamba unamtazama Mjapani akipambana na mgeni. Kumbe ulingoni palikuwa na wageni wawili.

Rikidozan alizaliwa Korea, katika eneo ambalo leo ni Korea Kaskazini, mwaka wa 1924. Jina lake lilikuwa Kim Sin-rak. Wakati huo nchi yake ilikuwa koloni la Japani. Akiwa bado kijana alivuka bahari kwenda kucheza sumo, mieleka ya jadi ya Wajapani, na mwaka wa 1940 akaingia ulingoni kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliwasukuma Wakorea wajiandikishe kwa majina ya Kijapani, na lugha yao ilikuwa ikiondolewa shuleni.

Katika sumo alipewa jina la Rikidozan, linaloandikwa kwa alama tatu: nguvu, njia, mlima. Hapo mwanzo orodha za wachezaji zilimtaja kuwa mtu wa Korea. Baadaye zikaandika kwamba anatoka Omura, katika jimbo la Nagasaki. Katika hati za serikali akawa Momota Mitsuhiro. Hivyo mtu mmoja akawa na majina matatu, na lile alilopewa na wazazi wake ndilo lililofichwa.

Alipanda hadi cheo cha tatu kutoka juu, kisha mwaka wa 1950 akakata kwa mkono wake mwenyewe kishungi cha nywele ambacho ni alama ya mchezaji wa sumo, akauacha mchezo huo. Mwaka uliofuata aliingia mieleka ya kulipwa, akaenda kujinoa Hawaii, na mwaka wa 1953 akaanzisha chama chake.

Februari 1954, yeye na mwanajudo Kimura Masahiko walipambana na ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe. Televisheni zilikuwa chache majumbani, kwa hiyo watu walijazana mitaani mbele ya zile zilizowekwa hadharani. Ndugu hao walikuwa Wakanada, lakini watazamaji waliwaona kama Wamarekani. Japani ilikuwa imeshindwa vita, na ukaliaji wa kigeni ulikuwa umekwisha miaka miwili tu iliyopita. Kila Rikidozan alipowapiga kwa ukingo wa kiganja, watu walihisi heshima ya taifa inarudi. Je, wangeshangilia hivyo kama wangelijua jina la kwanza? Yeye hakuthubutu kuwajaribu.

Mwaka wa 1958 alimshinda Thesz mjini Los Angeles. Januari 1963 alikwenda Seoul, akafika hadi Panmunjom, mpakani, ambako aliweza kutazama upande wa kwao bila kuvuka. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo alichomwa kisu katika klabu ya usiku mjini Tokyo, akafa siku saba baadaye akiwa na umri wa miaka 39.

Aliacha wanafunzi watatu mashuhuri: Giant Baba, Antonio Inoki na Kim Il. Huyu wa tatu alikuwa Mkorea aliyevuka bahari kumfuata, na huko Japani alipigana kwa jina la Kintaro Ohki. Wajapani wengi walikuja kujua asili ya mwalimu miaka mingi baada ya kifo chake. Kaburi lake liko katika hekalu la Ikegami Honmonji, Tokyo, na wanaolizuru wanamwita Rikidozan.