Peter Craven: Kijana mdogo wa Liverpool aliyewahangaisha Waswidi kwa pikipiki isiyo na breki

Hebu fikiria pikipiki isiyo na breki. Sisemi zimeharibika kama za yule bodaboda wa mtaa wenu, hapana. Hazikuwekwa kabisa tangu mwanzo. Gia ni moja tu. Injini ni ya sisi 500 na inakunywa methanoli, si petroli. Sasa wapange wanaume wanne mstari mmoja kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, uwaambie wazunguke mara nne, daima kwa upande wa kushoto. Ukifika kwenye kona hupunguzi mwendo. Unalilaza gurudumu la nyuma liteleze, unaburuta mguu wa kushoto uliovaa kiatu cha chuma, na unaendelea kukaza mafuta. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anakula vumbi.

Hiyo ndiyo spidwei. Uingereza iliipokea mwaka 1928, na miaka ya baada ya Vita vya Pili watu walikuwa wanajazana viwanjani jioni kuitazama jinsi wewe unavyokaa kutazama Ligi ya Premia. Nimetazama filamu zake za kale usiku mwingi, zile nyeusi na nyeupe zinazorukaruka, na katika wote niliowaona nina mmoja wangu. Anaitwa Peter Craven.

Alizaliwa Liverpool, Juni 1934. Alikuwa mdogo wa mwili, yaani ukimwona amesimama kando ya pikipiki yake ungedhani ni mtoto aliyetumwa kuishikilia mwenyewe akirudi. Waendeshaji wengi wa enzi hiyo walitegemea nguvu. Walikuwa wanaipigania pikipiki kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Craven hakuwa na misuli ya kufanya hivyo, kwa hivyo alitafuta njia yake. Alikuwa anautembeza mwili wote juu ya pikipiki, mara mbele, mara nyuma, mara kando, na pikipiki ikimfuata uzito wake. Ndiyo maana Waingereza walimbatiza jina la Mchawi wa Mizani. Ukimtazama kwenye kona unaona kabisa kwamba anaanguka, halafu haanguki.

Alianzia kwao Liverpool, kisha akahamia Belle Vue ya Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1950. Belle Vue, msomaji wangu, haikuwa uwanja wa kawaida. Ilikuwa ndani ya bustani kubwa ya burudani yenye wanyama wa pori, watu wanaenda kuona tembo mchana na pikipiki jioni. Alibaki na klabu hiyo hadi mwisho wa maisha yake.

Septemba 1955 akaingia fainali ya dunia Wembley. Fainali za siku hizo zilikuwa za usiku mmoja tu. Waendeshaji 16, mbio 20, kila mmoja anakimbia mara tano, kwa hivyo pointi nyingi kabisa unazoweza kupata ni 15. Hakuna mechi ya marudiano. Injini ikikukataa mara moja, jipange mwaka ujao. Craven alikuwa na miaka 21, akakusanya pointi 13 akawapita Ronnie Moore na Barry Briggs, wale majabali wawili wa New Zealand. Bingwa wa dunia.

Halafu wakaja Waswidi.

Sisi Wakenya hatupaswi kushangaa. Watu wa kule kaskazini na barabara za udongo wana undugu fulani. Muulize yeyote anayekumbuka Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda Safari Rally mara nne. Kwenye spidwei, Uingereza ndiko kulikokuwa na ligi yenye pesa na ratiba ya kila wiki, kwa hivyo kijana wa Uswidi mwenye kipaji alilazimika kufunga mkoba na kuvuka bahari. Aliyewazidi wote ni Ove Fundin, mwenye nywele nyekundu kutoka Tranås, aliyeitwa Mbweha. Alijiunga na klabu ya Norwich mwaka 1955, na mwaka 1956 akatwaa ubingwa wa dunia.

Sikiza hii takwimu, kisha uniambie kama si noma. Kuanzia 1956 hadi 1965, Fundin hakukosa hata mara moja kuwa kati ya watatu bora wa dunia. Miaka kumi mfululizo! Alishinda mara tano kwa jumla, ya mwisho ikiwa 1967. Alikuwa anachukia kushindwa kiasi kwamba nafasi ya pili kwake ilikuwa kama msiba. Mkikutana kwenye kona, ungejua mwenyewe pa kupita.

Huyu ndiye mtu ambaye Craven alipaswa kupambana naye, yeye na uzito wake wa manyoya. Mwaka 1957 Craven alimaliza wa tatu. Mwaka 1960 walimaliza watatu wakiwa sawa, Fundin, Moore na Craven, kila mmoja na pointi 14, ikabidi wakimbie mbio moja ya kuamua. Fundin akashinda, Moore wa pili, Craven wa tatu. Pointi 14 kati ya 15, na bado unarudi nyumbani na nafasi ya tatu. Mwaka uliofuata fainali ikatoka Wembley kwa mara ya kwanza, ikapelekwa Malmö, na Waswidi wakachukua nafasi zote tatu za juu: Fundin, Björn Knutsson na Göte Nordin.

Ungekuwa Craven ungefanyaje? Mimi niliacha chuo kwa mambo madogo zaidi ya hayo, kwa hivyo usiniulize.

Yeye alirudi Wembley mwaka 1962. Usiku huo alipata pointi 14, Briggs akawa wa pili, Fundin wa tatu. Miaka saba tangu ubingwa wa kwanza! Hakuna mzaliwa wa England aliyekuwa ameshinda mara mbili kabla yake, na ilibidi wangoje hadi karne hii, kwa Tai Woffinden, ndipo apatikane mwingine.

Sasa tufike pale ambapo sipendi kufika.

Septemba 1963 Fundin alirudisha taji lake. Siku chache baadaye, Ijumaa tarehe 20, Belle Vue walisafiri hadi Edinburgh kucheza na wenyeji kwenye uwanja wa Meadowbank. Haikuwa fainali, wala hakukuwa na taji la dunia la kupigania. Ilikuwa kazi ya wiki tu. Katika mbio moja, George Hunter, kijana wa Scotland aliyekuwa mbele yake, alianguka. Craven alikuwa nyuma yake kwa kasi kubwa, na nimeshakuambia pikipiki hizo hazina breki. Alikuwa na sekunde isiyotimia. Angenyoosha mbele, angempita Hunter juu ya mwili. Alijitupa kando kumkwepa, akagonga ukuta wa uwanja.

Kofia za wakati huo hazikuwa hizi unazoziona leo zinazofunika hadi kidevu. Aliumia kichwa vibaya. Alilazwa hospitalini Edinburgh, na tarehe 24 akafariki. Miaka 29. Hunter aliinuka, akaendelea na mbio kwa miaka mingi.

Wapo wanaobishana kwamba Fundin alikuwa bora, na kwa hesabu ya mataji sina la kujibu, tano ni tano. Lakini mimi nikiambiwa nichague wa kumtazama kwenye kona, simwazi mara mbili huyo mfupi.

Tangu 1964 Belle Vue wamekuwa wakiandaa mashindano ya kumkumbuka, yenye jina lake. Mwaka 1967 Fundin mwenyewe alivaa rangi za Belle Vue, klabu ya hasimu wake, mwaka uleule alioshinda taji la tano. Na Waingereza? Walikaa miaka 14 bila bingwa wa dunia, wakitazama taji likienda Uswidi, New Zealand, Denmark, hata Poland. Lilirudi 1976, likaletwa na kijana wa Belle Vue. Naye jina lake Peter, Peter Collins.