Ibn al-Fuwati, Mtunza Vitabu wa Maragha

Atokaye Tunduma kwenda Mbeya huipita njia ya kuelekea Ndolezi, kilipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 12 lililoshuka kutoka angani. Wenyeji walilijua tangu zamani, lakini maandishi ya wataalamu yanaanzia mwaka 1930. Waliolitazama kabla ya hapo hawakuandikwa popote. Katika historia ya Uislamu alikuwepo mtu aliyetumia umri wake kuzuia hasara ya namna hiyo.

Kamaluddin Abdulrazzaq bin Ahmad, maarufu kama Ibn al-Fuwati, alizaliwa Baghdad mwaka 642 Hijria (1244). Alikuwa na miaka 14 ya Hijria pale Hulagu, mtawala wa Wamongoli, alipouteka mji huo mwaka 1258. Khalifa aliuawa, maktaba zikaporwa, na kijana huyo akachukuliwa mateka.

Miaka michache baadaye alifika Maragha, kaskazini magharibi mwa Iran, ambako Nasiruddin al-Tusi alikuwa akijenga juu ya kilima nyumba ya kuchunguzia nyota. Aliyegharimia ujenzi ni Hulagu yuleyule! Tusi alimsomesha kijana, kisha akamkabidhi maktaba. Wanahistoria wametaja vitabu 400,000. Bila shaka hesabu hiyo imetiwa chumvi, ila maktaba ilikuwa kubwa, na vitabu vingi vilitoka katika miji iliyotekwa, Baghdad ukiwemo. Hivyo mateka akawa mlinzi wa vitabu vya kwao.

Hakuishia kushika funguo. Wanachuoni walikuja kutoka nchi mbalimbali, naye akaandika majina yao, asili zao, walimu wao na vitabu walivyotunga. Alisifika kwa hati nzuri na wepesi wa kunakili. Alitunga kitabu mahsusi juu ya waliozuru nyumba ile ya nyota, na kamusi kubwa ya watu mashuhuri iliyopangwa kwa lakabu zao.

Mwaka 679 Hijria alirejea Baghdad, akasimamia maktaba ya Mustansiriyya, na huko akafariki mwaka 723 (1323), Allah amrehemu. Kitabu cha wageni wa Maragha kimepotea. Kamusi nayo imebaki sehemu tu ya muhtasari wake. Juzuu moja, kwa hati ya mkono wake mwenyewe, ilihifadhiwa Damascus, na humo wamo wanachuoni wasiotajwa mahali pengine popote.