Padri Damien, Aliyevuka Bahari Mahali pa Ndugu Yake

1. Jamaa ya Tremelo

Katika nchi ya Ubelgiji kuna kijiji kiitwacho Tremelo. Huko, tarehe 3 Januari 1840, alizaliwa mtoto wa saba wa jamaa ya De Veuster, akapewa jina la Jozef. Baba yake, Frans, alikuwa mkulima na mwuzaji wa nafaka. Mama yake, Anne-Catherine, alikuwa mwanamke wa sala. Jioni, kazi za nyumbani zilipokwisha, aliwakusanya watoto na kuwasomea maisha ya watakatifu. Jamaa hiyo haikumnyima Mungu watoto wake. Binti wawili waliingia utawani kwa Masista wa Mtakatifu Ursula. Mwana mmoja, Auguste, aliingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria katika mji wa Leuven, akaitwa Pamphile.

Jozef alikuwa kijana mwenye nguvu. Baba yake alitaka awe mfanyabiashara, akampeleka mji mwingine kujifunza Kifaransa. Lakini sauti ya Mungu ilimfuata hata huko. Mwaka 1859 alibisha mlango wa shirika lilelile la ndugu yake, akapewa jina la Damien. Kwa kuwa hakujua Kilatini, wakubwa walimpokea awe bruda wa kazi za mikono, si padri. Hakunung'unika. Pamphile alimfundisha Kilatini kidogo kidogo, neno kwa neno, na bruda akashika upesi hata wakubwa wakastaajabu. Ndipo wakamruhusu kusomea upadri.

Tarehe 7 Oktoba 1860, mjini Paris, aliweka nadhiri zake. Kwa desturi ya shirika, alilala kifudifudi mbele ya altare, akafunikwa kwa kitambaa cha mazishi, kama mtu aliyekufa. Maana yake ni kwamba tangu siku ile uhai wake haukuwa wake tena. Damien hakuisahau siku hiyo. Na kila siku alisali mbele ya picha ya Mtakatifu Fransisko Saveri, akimwomba ampatie neema ya kutumwa mbali, kwa watu ambao hawajasikia Injili.

2. Ndugu mgonjwa, ndugu msafiri

Mwaka 1863 wakubwa wa shirika walichagua mapadri, mabruda na masista wa kwenda katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Padri Pamphile alikuwa mmoja wao. Nauli yake ilikwisha kulipwa. Lakini siku hizo homa kali ya tifasi iliingia Leuven. Pamphile alikwenda kuwatembelea wagonjwa na kuwapa sakramenti, naye akashikwa na homa hiyo. Alilala kitandani bila nguvu, na merikebu haimngoji mtu.

Damien alikuwa bado mwanafunzi, hajapewa upadri. Aliketi akamwandikia mkubwa wa shirika lote aliyekaa Paris, akimwomba ruhusa ya kwenda mahali pa ndugu yake, ili safari ile isipotee bure. Jibu likaja, nalo likawa ndiyo. Alikimbia kwenye kitanda cha Pamphile kumpasha habari. Tufikiri kidogo juu ya mioyo ya ndugu hawa wawili. Mmoja alifurahi kupata jambo alilokuwa akiliomba kila siku. Mwingine alitakiwa kumwachia mdogo wake jambo lilelile.

Kabla ya kuondoka, Damien alimwaga mama yake kwenye kanisa la Bikira Maria la Scherpenheuvel, mahali ambapo watu wa nchi hiyo huenda kuhiji. Walisali pamoja mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu, kisha wakaachana. Anne-Catherine alijua kwamba mtoto aendaye visiwa vya mbali namna hiyo hurudi kwa nadra. Hakumshika nguo kumzuia. Hawakuonana tena duniani.

3. Miezi mitano juu ya maji

Merikebu iliitwa R. W. Wood. Iling'oa nanga katika bandari ya Bremerhaven, Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1863. Haikuwa na mashine ya moto. Ilisukumwa na upepo katika matanga yake. Upepo ukipungua, merikebu hukawia. Upepo ukizidi, hutupwa huku na huku, na mabaharia hupanda juu ya milingoti kukunja matanga.

Mtu aliyevuka Ziwa Tanganika kwa mashua anajua maana ya kutazama pande zote na kuona maji tu. Lakini mtu wa ziwa hutumaini kuona milima ya ng'ambo karibuni. Wasafiri hawa walikuwa juu ya maji karibu miezi mitano. Walishuka kusini kwa Bahari ya Atlantiki, mpaka mwisho wa bara la Amerika, mahali paitwapo Cape Horn. Hapo bahari mbili kubwa hukutana, na mawimbi yake yaliogopwa na mabaharia wote wa zamani, kwa maana yalikwisha kumeza merikebu nyingi. Baada ya kuzunguka pembe hiyo, walipanda tena kaskazini katika Bahari ya Pasifiki.

Wasafiri wale hawakuwa na habari ya nyumbani, wala nyumbani hawakuwa na habari yao. Damien hakujua kama ndugu yake amepona au amezikwa. Mama yake hakujua kama merikebu ingali juu ya maji au imezama. Pande zote mbili walibaki na kitu kimoja tu: sala. Mungu aliwaona wote, mgonjwa kitandani, mama jikoni, na mwana baharini.

Tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wake wa ubatizo, Damien alifika Honolulu, mji mkubwa wa visiwa vile. Tarehe 21 Mei mwaka uleule Askofu Maigret alimpa upadri. Na Pamphile? Alikuwa amepona.

4. Mahali pasipo na mtu wa kwenda

Kwa miaka kadhaa Padri Damien alifanya kazi katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Alijifunza lugha ya wenyeji, nao wakamwita Kamiano. Alitembea kwa miguu na juu ya farasi katika milima, akajenga makanisa kwa mikono yake, akifundisha na kubatiza.

Siku hizo ukoma ulikuwa umeenea katika visiwa. Serikali ya mfalme iliogopa, ikaamuru wakoma watengwe. Tangu Januari 1866 walipelekwa katika kisiwa cha Molokai, mahali paitwapo Kalawao. Ni kipande cha nchi kilichozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne pana genge refu la mawe. Aliyepelekwa hapo hakutoka. Mume aliachana na mke, mtoto na mama. Wengi walikata tamaa, wakaishi bila sheria, wakafa bila mtu wa kuwazika vema.

Mwezi wa Mei 1873 Askofu Maigret aliwaambia mapadri wake juu ya taabu ya watu hao. Hakutaka kumlazimisha mtu. Mapadri wanne walijitoa kwenda kwa zamu, na wa kwanza alikuwa Damien. Tarehe 10 Mei 1873 alishuka Molokai pamoja na askofu wake, akiwa na umri wa miaka 33. Hakuwa na nyumba. Usiku wa kwanza alilala chini ya mti uitwao mkadi, karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Filomena. Baada ya siku chache aliomba asibadilishwe, akae hapo siku zote. Alikumbuka kitambaa cha mazishi kilichomfunika Paris.

Kazi yake ilikuwa kazi ya baba wa nyumba yenye watoto wengi. Alisafisha vidonda vyenye harufu mbaya. Alijenga nyumba pamoja na wale waliokuwa bado na nguvu. Alisaidia kuleta maji safi kwa mabomba kutoka bondeni. Aliwatunza yatima. Alitengeneza majeneza na kuchimba makaburi, ili kila mtu azikwe kama mtu. Aliwafundisha nyimbo, akawaandalia sikukuu na maandamano ya Ekaristi takatifu. Alikula nao kutoka katika bakuli moja, kwa maana aliona kwamba mtu anayeogopwa na wote hawezi kuamini upendo wa Mungu asipoguswa na mkono wa mtu.

Jambo moja lilimtesa zaidi: kukosa padri wa kumwungamia. Serikali ilimkataza kutoka. Siku moja mkubwa wake wa shirika alipita kwa merikebu, lakini nahodha hakumruhusu kushuka, wala hakumruhusu Damien kupanda. Basi Damien alisimama katika mtumbwi chini ya merikebu, akaungama dhambi zake kwa sauti kubwa, watu wakisikia. Hivyo alivyoithamini sakramenti ya kitubio.

5. Bahari ya mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1884 Damien aliweka miguu yake katika maji ya moto sana. Ngozi iliungua, naye hakusikia maumivu. Alijua mara moja maana yake. Mwaka 1885 waganga walithibitisha kwamba ameshikwa na ukoma. Habari zilivuka bahari mpaka Tremelo, na mama yake mzee akazisikia. Anne-Catherine alifariki mwaka 1886.

Damien hakuacha kazi. Mungu alimletea wasaidizi: mwaka 1886 alifika Joseph Dutton, askari wa zamani wa Marekani, mwaka 1888 Padri Conrardy, Mbelgiji mwenzake, na Mama Marianne Cope pamoja na masista wake. Tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Takatifu, Damien alikufa, mwenye umri wa miaka 49. Walimzika chini ya ule mkadi aliolala siku ya kwanza.

Mwaka 1895 Padri Pamphile mwenyewe alivuka bahari, akafika Molokai. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 30 tangu homa ilipomzuia. Alikaa kwa muda, na mwaka 1897 akarudi Ubelgiji. Mwaka 1936 mwili wa Damien ulirudishwa kwao, ukawekwa katika kanisa la shirika lake huko Leuven. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Sikukuu yake ni tarehe 10 Mei, siku aliyoshuka Molokai. Mama Marianne naye alitangazwa mtakatifu mwaka 2012.

6. Mafundisho kwetu

Wakatekumeni wapenzi, yatazameni mambo haya vizuri. Wako watu wanaodhani kwamba ubatizo ni kama hirizi: mtu akiuvaa, wimbi halitamzamisha, ugonjwa hautamshika, mtoto wake hatakufa. Halafu taabu ikija husema kwamba Mungu wa wakristu hana nguvu, wakarudi kwa waganga wa ramli usiku.

Damien alisali baharini, akafika salama. Damien alisali Molokai, akashikwa na ukoma. Je, Mungu alimsikiliza mara ya kwanza na kumwacha mara ya pili? Hata kidogo. Mama Marianne aliwahudumia wakoma mpaka kufa kwake mwaka 1918, wala hakupata ugonjwa huo. Je, imani yake ilikuwa kubwa kuliko ya Damien? Kanisa huwaheshimu wote wawili kuwa watakatifu. Imani haimlipi mtu kwa afya. Imani ni kumshika Baba mkono, njia ikiwa nyeupe au ikiwa na giza, na kujua kwamba hatauachia mkono huo. Alisali katika matanga yaliyojaa upepo, alisali vilevile vidole vyake vilipoanza kuharibika.

Tena, mwaka uleule wa 1873 Damien alipokwenda Molokai, mganga mmoja wa Norway, jina lake Hansen, aligundua kijidudu kinacholeta ukoma. Ukoma si laana, wala hautokani na uchawi. Leo una dawa za kuuponya, nazo hutolewa bure. Chama chenye jina la Damien, kilichoanzishwa Ubelgiji mwaka 1964, kimewasaidia wagonjwa wa ukoma na wa kifua kikuu hata katika Kongo yetu. Kwa hiyo mtu akiona doa mwilini lisilosikia maumivu, asijifiche. Aende upesi kwenye kituo cha afya. Na jirani zake wasimfukuze.

Wazazi nao wamkumbuke Anne-Catherine. Mtoto akiitwa na Mungu, awe padri, bruda, sista au katekista wa kijiji cha mbali, wasimshike nguo. Na sisi sote, kila mmoja katika kijiji chake, tujiulize jioni ya leo: ni nani hapa asiyetembelewa na mtu? Kwenye mlango wa huyo ndipo bandari yetu ilipo. Mtakatifu Damien, utuombee.